Nichukue Deni la Kamera Mpya kwa Ajili ya Picha za Kupamba?

SWALI

Mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Kibokoni hapa Mombasa, na kazi yangu ni kupiga picha za harusi, hasa usiku wa kupamba, ambapo bibi harusi huonyeshwa mbele ya wanawake peke yao na mpiga picha mwanamume hawezi kukanyaga. Natumia Canon 1300D na lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo, na sina flashi nyingine isipokuwa ile ndogo inayochomoza juu ya kamera yenyewe. Mchana, wakati bibi harusi anapakwa hina nyumbani kwao, picha zangu hunipendeza hata mimi mwenyewe. Ukumbini usiku ndipo mambo huharibika: taa ni za zambarau na buluu, watu hawatulii, kamera inahangaika kutafuta fokasi, na picha zinatoka zimejaa chengachenga.

Hivi karibuni mama mmoja wa Nyali aliniuliza natumia kamera gani, na nilipomtajia, kazi akampa mtu mwingine. Tangu siku hiyo binamu yangu, ambaye hupiga video katika kazi zetu, ananishikilia tuchukue vifaa vya kitaalamu. Benki moja iko tayari kutununulia kwa mpango wa murabaha, yaani inanunua yenyewe kisha inatuuzia kwa faida iliyotajwa: kamera mpya ya fremu kamili isiyo na kioo ndani yake (mirrorless), yenye megapikseli 45, lenzi mbili za f/2.8, yaani 24-70 na 70-200, pamoja na flashi. Bei ya dukani ni shilingi 400,000, nasi tutauziwa kwa 480,000, tulipe kwa miezi 36. Mjomba wangu amekubali kuwa mdhamini.

Mume wangu kwa upande wake anasema simu nzuri za siku hizi zinatosha na kwamba wateja hawajui tofauti. Yupo pia mpiga picha mmoja anayeuza Canon 5D Mark III pamoja na lenzi ya 24-105 f/4 kwa shilingi 110,000, nami nina akiba ya 150,000 niliyoipata zamu yangu ya chama ilipofika. Kazi moja natoza 20,000, na nikishamlipa msaidizi, usafiri na albamu, hubakiwa na kama 9,000. Miezi mizuri hupata kazi nne au tano, na Ramadhani sipati hata moja.

Jambo la mwisho ni kwamba baada ya kupamba mmoja kadi yangu iligoma kusomeka. Fundi alizitoa karibu picha zote, lakini usiku ule sikulala. Je, vifaa vya kitaalamu vina faida gani hasa, na je, vinastahili deni hilo?

Mpiga Picha wa Kibokoni

JIBU

Waaleikum salaam, binti yangu.

Deni hilo usilichukue kwa sasa, na mjomba wako mwambie ahsante. Sisemi hivyo kwa sababu vifaa vile ni vibaya, kwani ni vizuri sana na mimi mwenyewe ningefurahi kuvishika. Nasema hivyo kwa sababu nimesoma malalamiko yako moja baada ya jingine nikaona kwamba yale yanayokutesa zaidi, yaani mwanga, fokasi na kadi iliyogoma, yanaweza kutibiwa kwa akiba uliyo nayo mkononi, bila ya kumtia mtu yeyote dhamana.

Nianze na mwanga, maana hapo ndipo pesa za wapiga picha wengi hupotea. Lenzi yako ya 18-55, ukiivuta hadi mwisho wake ili upate uso wa bibi harusi, haifunguki zaidi ya f/5.6, na kumbuka kwamba namba ya f ikiwa ndogo ndipo lenzi hufunguka zaidi. Lenzi ndogo ya 50 f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote za Canon na ambayo uzito wake ni gramu 160 tu, huingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya huo. Sasa linganisha na faida ya kuhamia fremu kamili. Kihisi cha kamera yako, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, kina milimita 22.3 kwa 14.9, na kile cha fremu kamili kina 36 kwa 24, eneo ambalo ni zaidi ya mara mbili na nusu. Maana yake ni kwamba, kwa kamera za rika moja, picha ya ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 6400 ya fremu kamili huwa safi takriban kama ya ISO 2500 ya kamera ya aina yako. Ni faida ya kweli na macho huiona, lakini lenzi ya bei ndogo inakupa zaidi ya hapo kabla hujagusa kamera.

Hata hivyo, lenzi iliyofunguliwa sana ina adhabu yake, na katika kupamba adhabu hiyo huonekana haraka. Ukisogea karibu na uso wa bibi harusi kwa f/1.8, utapata jicho moja kali na jingine limeanza kulegea, kipini cha pua kiko wazi na kikuba cha asumini begani kimekuwa ukungu mweupe. Kwa picha moja ya pekee hilo ni pambo. Kwa picha ya bibi harusi na mama yake na shangazi zake wanane waliosimama safu mbili, hutaki f/1.8 wala f/2.8, unataka f/5.6 au zaidi, ili wa nyuma naye aonekane sura, kwa sababu ndiye atakayepiga simu kulalamika. Ukishafika f/5.6 katika ukumbi wenye giza, ule upana wa lenzi uliolipiwa maelfu kwa maelfu umelala tu, na kinachokuokoa ni flashi.

Taa za rangi nazo zina ubaya usiotibika kwa urahisi. Taa ya LED ya buluu tupu haina wekundu wala ukijani ndani yake, kwa hivyo ngozi iliyomulikwa na taa hiyo peke yake haina rangi ya kurudishwa, hata ukipiga faili ghafi (RAW, ambayo kamera haijaisindika) na kuisafisha kwenye kompyuta kwa muda upendao. Kamera ya bei yoyote itakwama hapo. Dawa yake ni kuleta mwanga wako mwenyewe: flashi ya kichwa kinachozunguka, ielekezwe kwenye dari au ukuta mweupe ili mwanga urudi ukiwa mpana na laini. Angalia dari kabla ya kuanza, kwa sababu mapambo ya ukumbi siku hizi hufunika dari kwa vitambaa, na flashi ikipiga kitambaa cha waridi, kanga, dhahabu na uso vyote vitageuka waridi. Hapo weka flashi juu ya stendi pembeni, na mwavuli mweupe mbele yake, uiwashe kwa kifaa cha redio. Ile flashi ndogo inayochomoza juu ya kamera iache kabisa usiku: hupiga uso moja kwa moja, huzidisha mng'aro wa vipodozi, na hina huonekana kama wino uliomwagika.

Kuhusu fokasi, hapa vifaa vya kitaalamu vinastahili sifa bila kubania. Kamera yako ina nukta 9 za fokasi, na ni ile ya katikati pekee inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. 5D Mark III ina nukta 61, na imeundwa kushika fokasi kwenye giza ambalo yako huzunguka tu bila kupata kitu. Zile mpya zisizo na kioo zimekwenda mbali zaidi, kwani hutambua jicho la mtu na kulifuata anapotembea, na hilo ni raha kubwa bibi harusi anapoingia ukumbini hatua kwa hatua katikati ya vigelegele. Nakiri kwamba hiyo ni sababu ya haki ya kuitamani ile seti ya benki. Hata hivyo, jihadhari na sifa moja ambayo wauzaji hupenda kuitaja: shata (mlango wa mwanga wa kamera) ya kielektroniki isiyotoa sauti. Chini ya taa nyingi za LED shata hiyo huweza kuacha mistari myeusi na myeupe iliyopita katikati ya picha, na huioni vizuri mpaka ufike nyumbani.

Sasa tuzungumze kuhusu kadi, jambo uliloliweka mwisho wa barua ilhali mimi ningeliweka mwanzo. Kazi ya kupamba ni amana ya namna ya pekee. Wanawake wale wamevua mabuibui kwa sababu wameambiwa ukumbi ni wao, simu zimekatazwa mlangoni, na kamera iliyoruhusiwa ni yako peke yako. Picha zikipotea hakuna mgeni atakayekuwa na nakala, na usiku huo haurudiwi. Kamera za kitaalamu huwa na nafasi mbili za kadi na huweza kupangwa ziandike kila picha kwenye zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hivyo moja ikigoma nyingine ipo. Kwa maoni yangu hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya kamera yako na ya kitaalamu, ingawa haionekani katika picha hata moja, wala hutaisikia ikisifiwa na yule mama wa Nyali. 5D Mark III, ambayo ilitoka 2012, inayo: nafasi moja ya CompactFlash na moja ya SD. Tena haina Wi-Fi ndani yake. Kwa wapiga picha wengi hiyo ni kasoro, lakini kwa kazi yako naihesabu kuwa heri, maana picha haina njia ya kutoka humo isipokuwa kwa mkono wako.

Kwa sababu hiyo hiyo, rai ya mumeo kuhusu simu siikubali, ingawa ana haki katika jambo moja: mchana, kwenye mwanga mzuri, simu nzuri hutoa picha ambayo mteja hawezi kuitofautisha kwenye kioo kidogo. Usiku hali ni nyingine. Kihisi cha simu ni kidogo mno, na ule ufundi wake wa kuunganisha picha kadhaa kuwa moja humtaka mtu atulie, jambo ambalo mwanamke anayecheza chakacha hatalifanya kwa ajili yako. Kubwa zaidi ni kwamba simu nyingi hupeleka nakala za picha kwenye akaunti ya intaneti bila ya mwenyewe kukumbuka kwamba aliwahi kuiruhusu. Nani atakayemweleza mama wa bibi harusi kwamba picha za binti yake asiye na stara zimehifadhiwa mahali usipopajua? Na kwa kuwa tumegusa hapo, picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, basi ukitaka kutumia picha yoyote kama mfano wa kazi yako, pata idhini kwa maandishi, na wala usitegemee neno lililosemwa kwa furaha ukumbini.

Ile seti ya benki ina mizigo ambayo haikuandikwa kwenye karatasi ya bei. Lenzi ya 70-200 f/2.8 peke yake huwa na uzito wa kama kilo moja au zaidi, na utaibeba kwa saa kadhaa katika ukumbi ambao hukuhitaji lenzi ya mbali, kwa kuwa wewe ndiye unayeruhusiwa kusimama mbele ya jukwaa. Picha ya megapikseli 45 katika faili ghafi huchukua takriban MB 50, kwa hivyo harusi moja ya picha 1,500 ni GB 75, ilhali kwa 5D Mark III ingekuwa kama GB 40. Hukunieleza kompyuta yako ni ya namna gani, lakini kama ni ya kawaida, itaanza kukokota, na ununuzi mwingine utafuata ambao benki haikuuhesabu. Kisha kuna malipo. Murabaha ina uzuri wake: bei imejulikana tangu mwanzo na haiongezeki. Lakini 480,000 kwa miezi 36 ni karibu 13,300 kila mwezi, yaani faida yote ya kazi moja na nusu, na mwezi wa Ramadhani, ambapo huna kazi, benki bado itasubiri fungu lake. Mwili wa kamera nao hushuka thamani upesi kila toleo jipya linapotoka. Lenzi nzuri ndizo zinazoshikilia bei.

Ninachokushauri ni kuinunua ile 5D Mark III, ikiwa ni nzima, na 40,000 inayobaki uigawe kati ya flashi, kadi na diski mbili za nje za kuhifadhia, na ikibaki chochote, ile lenzi ya 50 f/1.8. Usianze na lenzi, anza na flashi. Ile 1300D usiiuze, kwa sababu mtaalamu huenda kazini na kamera mbili, na ya pili ni ya siku ambayo ya kwanza imekataa kuwaka. Fahamu tu kwamba lenzi yako ya 18-55 ni ya aina ya EF-S, yaani ya kamera za Canon zenye kihisi kidogo, na haiwezi kuingia kwenye 5D, ilhali lenzi za EF utakazonunua sasa zitafanya kazi kwenye kamera zote mbili, na hata kwenye kamera mpya za Canon zisizo na kioo kupitia adapta. Kwa hivyo pesa ya lenzi haitapotea siku utakapohama.

Sikufichi kasoro za kamera hiyo. Video yake inaishia ubora wa 1080p, basi binamu yako akitaka 4K, iliyo kali zaidi, atafute kamera yake mwenyewe, na pengine hapo ndipo hamu yote ya deni ilipoanzia. Haifuati jicho. Nafasi yake ya SD ni ya polepole, kwa hivyo ukipiga mfululizo huku ikiandika kwenye kadi zote mbili, itasita kidogo. Na ni kamera ya zamani, jambo linalonileta kwenye hali ya hewa yetu.

Vifaa vya kitaalamu husifiwa kwa kuzibwa vizuri dhidi ya vumbi na matone, na katika harusi za Pwani sifa hiyo si ya kupuuzwa, kwani marashi yanayonyunyizwa kutoka kwenye mrashi hayachagui kati ya mgeni na kamera. Lakini kuzibwa si kutoingia maji, na ukiweka lenzi isiyozibwa, kama ile 50 f/1.8, kinga imepata mlango. Adui mkubwa zaidi wa vifaa hapa Mombasa ni unyevu. Kuvu huota ndani ya lenzi mahali penye unyevu mwingi, giza na hewa isiyotembea, na maelezo hayo ndiyo kabati la nguo la nyumba nyingi za Mji wa Kale. Weka vifaa ndani ya sanduku la plastiki linalofunga kabisa, lenye vifuko vya silika na kipimo kidogo cha unyevu, na ujaribu kubaki kati ya asilimia 40 na 50. Ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto, la sivyo mvuke utaganda juu ya kioo, na wakati mwingine ndani yake.

Deni la vifaa linaweza kuwa la busara siku nyingine: wakati malipo ya awali ya kazi zilizokwisha kuthibitishwa yanatosha kulipia hata miezi mikavu, au ukianza kupata kazi za mahoteli na makampuni ambazo hutaka picha za kuchapishwa kwa ukubwa wa mabango, maana huko megapikseli 45 zina kazi ya kufanya. Kabla ya hapo, lenzi ya 70-200 ikihitajika kwa siku moja, ikodishe na gharama yake uiingize kwenye bei ya mteja. Na mteja akikuuliza tena unatumia kamera gani, mjibu kwa ukweli, kisha mwonyeshe picha za kupamba kumoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa idhini ya wenyewe, badala ya zile kumi bora ulizochagua.

Kabla ya kumlipa huyo muuzaji, nenda mchana na kadi zako mwenyewe. Washa tochi uipitishe ndani ya lenzi kutoka nyuma, ukitafuta nyuzi nyembamba za kuvu mfano wa utando wa buibui, na ukiziona acha lenzi hiyo hata ikipunguzwa bei. Chungulia ndani ya nafasi ya CompactFlash uhakikishe hakuna pini iliyopinda. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa kwenye kihisi. Uliza shata imepigwa mara ngapi, ukikumbuka kwamba ya kamera hiyo imekadiriwa kuhimili mara 150,000. Idadi hiyo haionekani kwenye taarifa za kawaida za picha, kwa hivyo aiunganishe kamera na kompyuta kwa waya mbele yako aisome kwa programu. Kisha mwandikiane hati yenye namba ya kamera, namba ya lenzi na jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, na malipo yapite kwa njia inayoacha kumbukumbu.